Mume wangu alianguka darajani, sasa wanataka nitie sahihi

Salamu mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kaptembwo hapa Nakuru. Mume wangu alifariki akiwa kazini miezi minane iliyopita. Alikuwa kibarua wa kampuni ya kandarasi inayokarabati reli, kazi yake kubadilisha mataruma yanayolaliwa na reli na kukaza nati. Alikuwa nao mwaka mmoja na miezi minne. Alilipwa shilingi 800 kwa siku, siku sita kwa wiki, na kila Jumamosi jioni pesa ziliingia kwa M-Pesa kutoka kwa simu ya nyapara.

Siku aliyokufa walikuwa kwenye daraja la chuma. Kando ya reli darajani kuna kijia cha mbao ambacho wafanyakazi hupitia wakibeba vifaa. Mbao hizo ni kuukuu. Mume wangu alikuwa amebeba jeki begani, akakanyaga ubao, ukakatika, akaanguka hadi kwenye mawe ya mto. Walimpeleka hospitali nyuma ya pikapu kwa kuwa hapakuwa na gari lingine. Alikata roho njiani.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameniambia juu ya mbao zile. Aliona mmoja umeoza akaupiga picha, akamtumia nyapara kwa WhatsApp. Nyapara akajibu, “Sawa, tutaangalia.” Asubuhi iliyofuata aliniomba kitambaa chekundu. Nikamkatia mkono wa sweta ya zamani ya shule ya binti yetu, akaenda kuufunga kwenye ule ubao ili wenzake wasiukanyage. Wenzake wananiambia siku ile aliuruka ubao wenye kitambaa vizuri kabisa. Ulikatika ule wa pili yake.

Kampuni ilinunua jeneza na kukodi gari la kumpeleka nyumbani Butere. Baadaye nilipofuata malipo, afisa wao aliniambia marehemu hakuwa na mkataba, alikuwa kibarua tu. Akasema daraja si lao, wao ni wanakandarasi. Akasema kama kuna kosa ni la nyapara, naye pia ni mwajiriwa kama marehemu. Halafu akasema neno ambalo bado linanichoma: “Mama, kitambaa alikifunga mwenyewe. Alijua mbao ni mbovu na bado akapita. Alijitakia.”

Sasa wameleta karatasi. Watanipa shilingi 150,000 nikitia sahihi kwamba hayo ni malipo kamili na ya mwisho na kwamba sitadai kitu tena. Shemeji yangu mkubwa anasisitiza nitie sahihi kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu shule zinafunguliwa na pesa mkononi ni pesa. Mama mkwe amenyamaza. Kuna kijana wa mjini anayejiita ajenti wa mawakili, anasema atanipatia milioni tano kortini nikikubali kugawana naye nusu kwa nusu.

Simu ya mume wangu bado ninayo. Kila jioni naiweka kwenye chaji, sijui hata kwa nini. Nisaidie, nifanye nini?

Mjane, Kaptembwo

*

Dada yangu,

Pole sana. Pole pia kwa hao watoto watatu, na kwa binti ambaye mkono wa sweta yake ulibaki darajani.

Usitie sahihi karatasi hiyo, wala kuandika jina lako pembeni yake kama shahidi. Wakikwambia ni ya kuonyesha tu kwamba umeipokea, pia kataa. Haki ya fidia ya mfanyakazi haiuzwi kwa karatasi ya namna hiyo, na sheria yenyewe inasema makubaliano ya kuiachilia ni batili. Lakini mjane aliyekwisha kutia sahihi atazungushwa mwaka mzima akieleza kwa nini alitia, na wewe huna mwaka wa kupoteza. Una miezi minne. Madai ya kifo cha kazini yanapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo, na wewe umekwisha kutumia minane.

Nitaanza na lile neno linalokuchoma, kwa maana hata mimi limenichoma.

Marehemu babangu alifanya kazi ya reli Kisumu. Nikiwa mtoto alinichukua siku moja akanionyesha jinsi ya kujua taruma zima na taruma lililooza. Ukiligonga kwa nyundo, zima hulia “ko,” sauti kavu inayorudi mkononi. Lililooza hulia “bu,” kama mtu anayegonga gunia la mahindi. Kazi ya kugonga ilikuwa na mtu wake, anayelipwa kuifanya na kuandika alichokuta. Kibarua mwenye jeki begani hakuachiwa kukisia kwa unyayo wake ni ubao upi ungembeba.

Mume wako aliona ubao mmoja kwa macho. Wa pili haukuwa na alama ya nje, na kuoza kwa mbao mara nyingi huanzia ndani au upande wa chini, pale maji yanapokaa. Kujua ubao mmoja ni mbovu si kujua zote. Ila mwajiri aliyepokea picha ya ubao mmoja uliooza kwenye kijia cha umri mmoja alipaswa kutuma mtu na nyundo akague kijia chote, na kukifunga mpaka kitengenezwe.

Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 kinamtaka mfanyakazi anayeona hatari kubwa amjulishe msimamizi wake. Mume wako alifanya hivyo, tena kwa picha. Kifungu hichohicho kinasema mwajiri asimrudishe mfanyakazi mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kwa hiyo kile kitambaa wanachokitumia kumlaumu ni ushahidi kwamba yeye alitimiza wajibu wake. Jibu la “tutaangalia” ni ushahidi kwamba wao walijua.

Maneno ya “alijua, alijitakia” ni ya zamani sana katika kazi ya reli, tangu zama za treni za mvuke. Huko Marekani katika karne ya 19, wafunga breki walitembea juu ya paa za mabehewa ya mizigo treni ikikimbia, wakizungusha magurudumu ya breki kwa mikono. Madaraja yaliyopita juu ya reli mengine yalikuwa chini mno, na mtu aliyesimama juu ya behewa akitazama nyuma aligongwa kichwa. Baadhi ya kampuni zilitundika kamba fupi kabla ya daraja ili zimguse kichwani alale. Kwingine hapakuwa na hata kamba. Wajane walipokwenda mahakamani waliambiwa hayohayo uliyoambiwa wewe, kwamba marehemu aliliona daraja kila siku, alijua kimo chake, na alipokubali kazi alikubali na hatari yake.

Na lile la kumtupia lawama nyapara, kwamba naye ni mwajiriwa mwenzake, lina umri mkubwa zaidi. Dereva wa treni aitwaye Farwell alipoteza mkono katika jimbo la Massachusetts kwa sababu mfanyakazi mwingine aliacha njia panda ya reli ikiwa imeelekezwa vibaya. Mwaka 1842 mahakama ikasema kosa la mfanyakazi mwenzake si la mwajiri. Uamuzi huo uliziumiza familia kwa miaka mingi, mpaka bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuwawajibisha waajiri wa reli mwaka 1908. Na hata hapo kampuni ziliendelea kushikilia hoja ya “alijua hatari” hadi sheria ilipoiondoa mwaka 1939.

Nimekueleza haya kwa sababu ya chuma chenyewe. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence, na kwenye njia hiyo ya milima ya Mau yaliwekwa madaraja marefu ya chuma 27, yaliyojengwa na kampuni ya Kimarekani. Chuma kilivuka bahari kikaja kwetu, na visingizio navyo vimetufuata. Huko vilikotoka vilizikwa zamani. Hata hapa kwetu havina mahali pa kusimama.

Sheria yetu inayohusika ni ile ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, inayojulikana na wengi kama WIBA. Chini yake huhitaji kuthibitisha kosa la mtu yeyote. Unahitaji kuonyesha kwamba alikuwa mwajiriwa wao, kwamba ajali ilitokea akiwa kazini, na kwamba ndiyo iliyomuua. Basi. Hata mfanyakazi aliyekufa akiwa anakiuka maagizo ya mwajiri anahesabiwa kuwa alikufa kazini, mradi alichokuwa akikifanya kilikuwa kwa ajili ya kazi ya mwajiri huyo. Utovu wa nidhamu wa makusudi unaweza kumnyima mtu fidia ya jeraha dogo, lakini kwa kifo haumnyimi. Na mume wako hakukiuka chochote. Alibeba jeki yao kwenye kijia chao.

Kuhusu kibarua: mtu aliyefanya kazi mfululizo mwaka mmoja na miezi minne si kibarua wa siku tena machoni pa Sheria ya Ajira. Mfululizo wa mwezi mmoja tu unatosha kumpa masharti ya mwajiriwa wa mwezi. Mkataba wa maandishi ulikuwa jukumu la mwajiri kuuandika, na kama hakuuandika, ni yeye atakayebeba mzigo wa kukanusha yale mtakayosema kuhusu ajira hiyo.

Kuhusu daraja si lao: mwajiri anawajibika kwa mahali anapowapeleka watu wake kufanya kazi, awe amepajenga yeye au amepakuta. Mwenye daraja anaweza kuwa na dhima yake kando, nje ya WIBA, na hilo mpelekee wakili mapema. Ikiwa mwenye daraja ni serikali au shirika lake, muda wa kumshtaki unaweza kuwa mwaka mmoja tu.

Sasa tuje kwenye pesa. Sheria inaweka fidia ya kifo kuwa mapato ya miezi 96. Kwa shilingi 800 na siku kama 26 kwa mwezi, mume wako alikuwa akipata shilingi 20,800. Zidisha kwa 96 upate shilingi 1,996,800. Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndiye atakayepiga hesabu ya mwisho kwa wastani wa mapato yake, lakini weka tarakimu hiyo kando ya 150,000 utaona wanachokuomba uwaachie. Na lile jeneza na gari la Butere wasikuhesabie kama hisani, kwa kuwa gharama za mazishi za kiasi ni wajibu wa mwajiri kisheria.

Nenda ofisi ya Usalama na Afya Kazini hapo Nakuru. Usisubiri mwisho wa mwezi anaoungoja shemeji, nenda wiki hii. Swali lako la kwanza liwe kama ajali hii iliripotiwa. Mwajiri anapaswa kuripoti kifo cha kazini ndani ya saa 24. Kama hakuripoti, hilo ni kosa lake na wala halikufungii wewe mlango. Omba fomu ya WIBA 1 na useme unaleta madai kwa niaba ya waliomtegemea marehemu. Uliza pia bima yake iko kwa kampuni gani, maana kila mwajiri analazimika kuwakatia wafanyakazi wake bima ya ajali. Madai yakishafikishwa kwa mwajiri au kwa bima, wana siku 90 za kulipa. Ukiona Mkurugenzi amekosea, una siku 60 za kupinga kwa maandishi, na juu yake kuna mahakama ya leba, ambayo inakaa Nakuru na Kisumu pia.

Beba cheti cha kifo, ripoti ya hospitali au ya upasuaji wa maiti, kitambulisho chake na chako, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na cheti cha ndoa. Kama mlioana kimila, beba barua ya chifu.

Ila ushahidi wako mkubwa ni ile simu unayoichaji kila jioni. Hukujua kwa nini unaichaji, dada, na mimi nakushukuru kwa kuichaji. Humo mna ujumbe wa M-Pesa wa kila Jumamosi kwa mwaka mmoja na miezi minne, na huo ndio mkataba wake wa ajira. Humo mna picha ya ubao na jibu la nyapara, pamoja na tarehe na saa. Usimpe mtu yeyote simu hiyo, hata shemeji, hata afisa anayesema anataka kuitazama kidogo. Leo hii mwombe kijana unayemwamini azipige picha kurasa zote za mazungumzo hayo, azitume kwa simu yako na kwa barua pepe ya mtu mwingine, kisha mzichapishe karatasi mbili mbili. Laini nayo iwekee salio na uitumie mara kwa mara, kwa sababu laini isiyotumika hufungwa na kupewa mtu mwingine.

Zungumza na wale wenzake walioona akiuruka ubao wenye kitambaa. Waandike walichokiona wakiwa bado wanakikumbuka, waweke majina na tarehe. Wengine wataogopa kupoteza kibarua, usiwalaumu. Mmoja au wawili wanatosha. Waulize pia kama kampuni iliwahi kuunda kamati ya usalama, maana mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria inaitaka. Mweleze afisa wa usalama hali ya kijia hicho na umwombe akakikague. Wapo waume wa watu wanaopita pale kesho asubuhi.

Huyo ajenti wa nusu kwa nusu mwambie kwaheri. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, madai ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake huanzia kwa Mkurugenzi. Anayekuahidi milioni tano za kortini ama hajui hilo, ama analijua na anakuficha. Kupeleka madai kwa Mkurugenzi hakuhitaji wakili. Ukikwama, FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliwekwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Kuhusu shemeji, nitasema kwa heshima kwa kuwa ni kaka wa marehemu. Huenda anasukumwa na karo kweli. Lakini fidia hii ni ya waliomtegemea mume wako kwa chakula na malazi: wewe, watoto, na mama mkwe ikiwa marehemu ndiye aliyekuwa akimtumia pesa za matumizi. Kaka mwenye kazi yake hayumo. Usimjibu kwa hasira wala usigombane naye mbele ya watoto. Nenda Butere ukae na mama mkwe, mweleze hesabu ya miezi 96 polepole, na umwonyeshe ile picha ya ubao. Nahisi amenyamaza kwa sababu hakuna aliyemweleza mwanawe alikufa vipi. Akishaelewa, yeye ndiye atakayezungumza na mwanawe mkubwa, na hapo neno lake litakuwa zito kuliko lako na langu.

Kwa karo ya muhula huu, nenda kwa mwalimu mkuu kabla shule hazijafunguliwa, na cheti cha kifo mkononi, umwombe muda. Omba na basari ya eneo bunge. Kama mume wako alikatwa NSSF, fuatilia huko pia.

Na afisa wa kampuni akikupigia kuuliza kuhusu karatasi, mjibu kwamba madai yako yako kwa Mkurugenzi na aongee naye huko. Kisha niandikie uniambie kama walikuwa wameiripoti ajali ndani ya zile saa 24.